Kimya Kati ya Mikono Miwili

Kila siku masomo yakiisha, msichana aliyeitwa Mdundo alipitia kwenye studio ya mjomba wake. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimpa kwa sababu vidole vyake havikujua kutulia. Dawati, ukuta, sahani, mgongo wa kitabu, vyote kwake vilikuwa ngoma. Mwalimu wa hesabu alikuwa amemhamisha kiti zaidi ya mara moja, lakini popote alipohamia, kelele ilihama naye.

Studio ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mwisho wake lilining'inia pazia la bluu, na mbele ya pazia palikuwa na kiti cha duara cha kukalia waliokuja kupigwa picha za vitambulisho. Ukutani kulikuwa na kioo na kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vitatu vya mwanzo viliondoka na wateja. Mjomba alipiga picha na video za harusi na mahafali, kisha akazihariri mwenyewe. Kazi ya Mdundo ilikuwa kufagia, kunyoosha pazia na kumtafutia mjomba miwani yake.

"Mjomba, miwani iko kwenye paji la uso wako."

"Naijua ilipo. Nilikuwa nakupima macho wewe."

Akimaliza kazi hizo aliruhusiwa kukaa kwenye kompyuta ya zamani pale pembeni, ile iliyounguruma kama gari linalopanda mlima. Angekaa hapo mpaka mama yake atoke kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, aje kumchukua.

Mdundo hakuitumia kompyuta ile kwa michezo. Alikuwa akitengeneza video. Alichukua vipande vya anime, zile katuni za Kijapani ambazo watoto wengi huzipenda, akavipanga upya juu ya wimbo mpaka picha na muziki vikawa kitu kimoja. Aliyempenda zaidi katika katuni hizo alikuwa msichana mmoja wa mbio za kupokezana vijiti. Katika mashindano ya kwanza msichana yule alidondosha kijiti mbele ya uwanja mzima, na timu yake ikatoka ya mwisho. Video ya Mdundo ilianzia hapo, kijiti kikibingirika chini, na ilimalizikia kwenye mbio za fainali.

Hakukaa peke yake. Pembeni yake, kwenye kigoda, alikaa rafiki yake Chapuchapu, msichana mwenzake, ambaye wengi walimwita Chapu tu. Chapu alikula haraka, aliandika haraka, na alijibu swali kabla mwalimu hajalimaliza. Ndiye aliyeleta wimbo. Aliupata kwenye simu ya kaka yake, wimbo wa ngoma nyingi na maneno machache, na siku aliyomsikilizisha Mdundo, wakigawana visikilizio vya masikioni, walirukaruka wote wawili hadi mteja aliyekuwa akipigwa picha akafumba macho, ikabidi arudie.

Mwanzoni Mdundo alikata picha kwenye kila pigo la ngoma. Mjomba alikuja nyuma yao, akatazama, akakuna kidevu.

"Mnaonaje?" akauliza.

"Moto!" alisema Chapu.

"Mimi naona kama napigwa makofi. Pa, pa, pa, bila kosa lolote." Aliteremsha miwani machoni. "Sikiliza, mama. Kwanza tazama picha bila sauti. Halafu sikiliza wimbo huku umefumba macho. Moyo wako ukiruka mahali, weka alama, hapo ndipo pa kukata. Kwingine waache watu wapumue. Tena mtu hakumbuki mbio kwa sababu zilikuwa na kasi. Anakumbuka kwa sababu alikuwa na mkimbiaji wake, na alimwogopea."

Basi Mdundo alianza upya. Chapu alipiga miayo, lakini alikaa. Hilo nalo tuliseme, kwa sababu kukaa na mtu anayerudia jambo lile lile mara ishirini si jambo dogo. Mdundo alihakikisha kila mguu unakanyaga ardhi pamoja na ngoma. Pale msichana alipofanya mazoezi peke yake kwenye mvua, aliiacha picha moja ndefu, bila kuikata hata kidogo. Sehemu zote zikakaa vizuri isipokuwa ile ya mwisho, pale kijiti kinapotoka mkono wa mkimbiaji wa tatu kwenda mkono wa yule msichana. Alijaribu kuiharakisha, akajaribu kuipunguza mwendo. Ilibaki baridi kama chai iliyosahaulika.

Siku moja walikuwa wakiitazama tena sehemu hiyo. Chapu alinyoosha mkono kuchukua kipande chake cha mkate, mguu wake ukakanyaga waya wa spika, na waya ukachomoka. Muziki ukakatika ghafla. Kwenye kioo cha kompyuta kijiti kilikuwa katikati ya mikono miwili, kimeachwa na mmoja, hakijashikwa na mwingine, na studio nzima ilikuwa kimya. Mdundo alijikuta ameacha kupumua.

"Samahani, nimekanyaga waya," alisema Chapu, akiinama kuuchomeka.

"Usiuguse! Ngoja!" Mdundo alimshika bega. "Umeona? Umeona hicho?"

"Nimeona nini? Sauti imekatika."

"Ndiyo! Hapo ndipo inapotakiwa kukatika. Kijiti kikiwa bado hakina mwenyewe, muziki unyamaze. Mkono ukikishika tu, bumu, ngoma zote zirudi!"

Chapu alitafuna mkate wake akifikiri. "Watu watadhani imeharibika, shoga yangu. Watapiga kelele, 'Fundi, sauti!'"

Mdundo alicheka tu. Alikwisha kushika kipanya, na vidole vya mkono wa pili vilikuwa vikicheza juu ya meza.

Juma hilo hilo mwalimu wa michezo alitoa tangazo. Timu ya wasichana ya kupokezana vijiti ilikuwa inakwenda kwenye mashindano ya shule zote, na shule ilikuwa imepata kamera. Alitaka mwanafunzi mmoja afuatane na timu kuanzia mazoezini hadi uwanjani na kuitengenezea video. Aliyetaka kazi hiyo alete mfano wa kazi yake siku ya Ijumaa kwenye chumba cha kompyuta, na jina la atakayechaguliwa lingetajwa Jumatatu.

Mdundo hakulala vizuri usiku huo. Alijiona yuko kando ya uwanja, kamera mkononi, miguu ya kweli ikigonga ardhi ya kweli. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kile.

Jumatano video ilikamilika, ukiacha maneno ya mwisho. Chapu aliomba flashi.

"Kaka ana televisheni kubwa. Nipe nikaitazame kwa mbali, tujue watu wa nyuma wataonaje. Ijumaa nitakuja nayo."

Lilikuwa wazo zuri. Mdundo alinakili kila kitu kwenye flashi yake, ile yenye uzi mwekundu, akampa. Kisha, Chapu alipoondoka, akakaa kuandika yale maneno ya mwisho. Mjomba alikuwa mkali kwa jambo hilo. Kila picha ina aliyeichora, alisema, na kila wimbo una aliyeuimba, na mtu mwenye adabu huwataja. Mdundo akawataja wote. Akaandika jina lake, kwamba ndiye aliyekata na kuunganisha. Halafu akatabasamu peke yake, akaongeza mistari miwili ambayo alitaka Chapu aione Ijumaa kwa mara ya kwanza, bila kuambiwa.

Ijumaa chumba cha kompyuta kilijaa. Wasichana wa timu walikaa mbele, na miongoni mwao alikuwa Twiga, msichana mrefu mwenye maneno machache, ndiye aliyekimbia zamu ya mwisho. Mdundo alipoingia alimkuta Chapu tayari mbele, amesimama kando ya mwalimu, uzi mwekundu ukining'inia kwenye kompyuta. Mdundo alimpungia mkono. Alidhani rafiki yake amewahi ili awaandalie wote wawili. Chapu hakupunga. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Taa zilizimwa. Kijiti kikabingirika ukutani, ngoma zikaanza, na Mdundo alihisi joto likimpanda mwilini kwa furaha. Ile ndiyo mvua yake. Ile ndiyo miguu yake, kila mmoja na pigo lake. Wanafunzi waliinama mbele. Ikafika ile sehemu ya mwisho. Mkono ukanyooshwa, kijiti kikatoka...

Na ngoma zikaendelea. Zilipita juu ya mikono ile kama mtu anayepita nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Palipokuwa na kimya palikuwa pamezibwa kwa kipande cha wimbo kilichonakiliwa mahali pengine na kubandikwa hapo, hata mdundo wake haukuoana. Kijiti kikapokewa na hakuna aliyeshtuka. Wanafunzi waliokuwa wameinama mbele wakaegemea viti vyao. Kisha yakaja maneno makubwa ya manjano: KAZI YA CHAPU.

Watu walipiga makofi ya kawaida. Mwalimu alisema, "Nzuri. Kwa kweli ni nzuri sana." Akageuka. "Na wewe, Mdundo? Nilidhani na wewe una video."

Kila mtu alimtazama isipokuwa mtu mmoja. Mdundo alifungua mdomo. Alitazama ule uzi mwekundu, kisha mlango.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Sina."

Nje, kwenye mabomba ya maji, alijifanya ananawa. Mvulana aliyeitwa Redio, ambaye hakuzimika tangu asubuhi hadi jioni, alipita akipiga kelele, "Jamani, leo Mdundo kakatika!" Wengine wakacheka bila kujua wanachekea nini. Daftari lilimponyoka Mdundo likaangukia majini. Kabla hajainama, Twiga alikuwa amekwisha kuliokota. Alilifuta kwenye sketi yake, upande mmoja kisha wa pili, akamrudishia, akaenda zake.

Chapu alikuja wa mwisho. Flashi ilikuwa mkononi mwake.

"Usinikazie macho hivyo," alisema.

"Ulisema unakwenda kuitazama kwa kaka yako."

"Niliitazama." Alizungusha flashi kiganjani. "Na mimi nilikuwa pale, si nilikaa kila siku?"

"Ulikaa. Mimi nilikuwa nafanya."

"Ndiyo hivyo hivyo! Wewe unafanya, mimi nakaa. Wewe una mjomba, una kompyuta. Usipochaguliwa leo, kesho utashika kamera ya mjomba wako. Mimi nikiondoka pale ni nani? Ni yule anayekaaga na Mdundo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Nipe?"

Kilichomuuma Mdundo zaidi hakikuwa jina lile la manjano. Ni kwamba kila alichokijua Chapu kuhusu video ile, jinsi ya kuifungua, jinsi ya kukata, jinsi ya kubandika, Mdundo ndiye aliyemfundisha, mkono juu ya mkono, kwenye kipanya kimoja.

"Chukua flashi yako," alisema Chapu. Aliiweka juu ya ukingo wa bomba, akaondoka haraka kama alivyofanya mambo yake yote.

Studioni mjomba alikuwa akipiga picha ya mtoto mchanga aliyekataa kufumbua macho. Alimwona mpwa wake akiingia, akamwona akikaa bila kushika fagio. Mteja alipoondoka alichukua fagio mwenyewe, akafagia chumba kizima polepole, akizunguka miguu ya Mdundo bila kuigusa. Kisha akamwekea kikombe cha chai karibu na mkono.

Mama alifika akinukia sabuni ya hospitali. Alisimama mlangoni akasikiliza.

"Mbona humu kimya? Leo vidole vimelala?"

Hapo ndipo machozi yalipotoka. Mdundo alisimulia yote, kuanzia flashi hadi mabomba. Mama alisikiliza akiwa bado na mkoba begani. Hadithi ilipoisha, alishika kitasa cha mlango.

"Namjua mama yake. Nakwenda sasa hivi, na hivi hivi nilivyo na viatu vya kazini!"

"Dada, kaa kwanza," alisema mjomba. "Ukienda wewe, itakuwa kesi ya kina mama. Video ni ya mtoto. Ipo hapa, nzima. Aipeleke mwenyewe."

"Lakini nilimwambia Mwalimu sina!" alilia Mdundo.

"Na kwa nini ukamwambia hivyo, mwanangu?"

"Koo lilikataa."

"Basi Jumatatu tutalinywesha koo chai ya moto kabla halijatoka nyumbani," alisema mama, akamvutia kifuani. Hata mjomba alicheka kidogo.

Mdundo alifungua video yake kwenye kompyuta ili ainakili upya. Akaisogeza hadi mwisho. Ile mistari miwili ilikuwa inamngojea, ile aliyoiandika akitabasamu. Aliisoma, na ilikuwa kama kujichoma kwa sindano aliyoiacha mwenyewe kitini. Akabonyeza kitufe cha kufutia. Herufi za jina la Chapu zikaondoka moja baada ya nyingine.

Mama alikuwa nyuma yake. Alisoma kwa sauti, polepole, "'Wimbo ulichaguliwa na...' Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani?"

Mdundo alikikazia macho kitufe cha kufutia.

"Alichagua yeye au hakuchagua?"

"Alichagua," alisema Mdundo kwa hasira. "Lakini mama, yeye kanifanyia nini?"

"Amekuibia. Tena amekuibia akiwa amekula mkate wako, na mimi sitakwambia usiumie." Mama alivuta kigoda, kile kile cha Chapu, akakikalia. "Lakini tazama. Yeye amefuta jina lako, na wewe umefuta la kwake. Mtu akija hapa akaniuliza kati ya hawa wawili nani mkweli, nimwonyeshe yupi?"

Kompyuta iliunguruma. Mdundo aliitazama nafasi ile tupu. Hasira ilimwambia iache hivyo. Lakini kila alipoitazama, alisikia ule wimbo kama alivyousikia siku ya kwanza, sikio moja lake na sikio moja la Chapu. Mwishowe akaziandika zile herufi tena, akizigonga kwa nguvu kama anapigilia misumari.

"Taratibu," alisema mjomba. "Hiyo kompyuta haijakukosea."

Jumatatu, kabla ya kengele, mwalimu wa michezo alikuwa akijaza mipira upepo kando ya ghala. Mdundo alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mwalimu, Ijumaa nilikuambia sina video. Sikusema kweli. Ninayo. Ndiyo hii." Akanyoosha mkono wenye uzi mwekundu. "Ile uliyoiona imetolewa humu."

Mwalimu aliacha pampu. "Unajua hilo ni neno zito."

"Najua. Ndiyo maana nataka uitazame kwanza, kabla sijasema neno jingine."

Mwalimu alimtazama sana. Hakumwita mtu yeyote kumkemea. Wakati wa mapumziko aliwakusanya wote waliokuwepo Ijumaa, akawaambia kuna video moja zaidi, akazima taa.

"Hii si ile ile?" alinong'ona Redio kijiti kilipobingirika. "Hii tumeshaiona!" Mwenzake akamkanyaga mguu.

Mvua ikapita. Miguu ikagonga. Mkimbiaji wa tatu akakaribia, akanyoosha mkono, na kijiti kikaachwa.

Muziki ukanyamaza.

Hakuna aliyesema, "Fundi, sauti!" Hakuna aliyekohoa. Hata Redio alikaa mdomo wazi. Kwenye safu ya mbele Twiga, bila kujijua, alikuwa amepeleka mkono wake nyuma, kiganja wazi, vidole vimetanuka, kama anavyofanya mkimbiaji anayengoja kitu asichokiona.

Kisha mkono wa ukutani ukakishika kijiti, ngoma zikarudi zote kwa mpigo, na chumba kizima kikalipuka. Watu walisimama. Mmoja alipiga meza. Twiga alikitazama kiganja chake kitupu, akakificha mapajani kwa aibu, akacheka.

Kelele zilikuwa bado hazijatulia maneno ya mwisho yalipoanza kupanda. Walioichora katuni wakatajwa, na waliouimba wimbo. Likafuata jina la Mdundo. Kisha ile mistari miwili:

*Wimbo ulichaguliwa na rafiki yangu Chapu.*

*Kimya kililetwa na mguu wa Chapu.*

Wachache walicheka, wakanyamaza walipoona hakuna mwingine anayecheka. Taa ziliwashwa. Chapu alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Chapu," alisema mwalimu kwa sauti ya chini. "Ile yako haikuwa na kimya kile. Kwa nini ulikiziba?"

"Nilidhani ni kosa, Mwalimu."

"Kosa la nani?"

Chapu alirudi kutazama viatu vyake. Mtu aliyetengeneza kitu hawezi kudhani sehemu yake nzuri kuliko zote ni kosa, na kila mtu mle ndani alikwisha kuliona hilo.

"La Mdundo," alisema mwishowe, akaanza kulia. "Ni yake. Yote ni yake. Nilibadilisha tu mwisho, hapa hapa kwenye kompyuta ya shule, nikaweka jina langu."

"Si yote," alisema Mdundo. Sauti yake ilikuwa ngumu, na hakugeuka kumtazama. "Wimbo ni wako. Na mguu."

Mwalimu aliwaruhusu wengine watoke, akabaki na hao wawili. Alisema Jumatatu hiyo hiyo, mbele ya mstari wa shule, Chapu mwenyewe angesimama na kusema ile video ni ya nani, na Chapu akatikisa kichwa kukubali. Kisha mwalimu akafungua kabati, akatoa kamera katika mfuko wake mweusi, akaiweka mikononi mwa Mdundo. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri.

"Mwalimu, mimi bado nina hasira," alisema Mdundo, kana kwamba hilo lingeweza kumfanya anyang'anywe.

"Una haki ya kuwa nayo. Sijakuomba uiache hapa." Mwalimu aliketi kwenye ukingo wa meza, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nimefundisha mbio za vijiti miaka mingi. Unajua kwa nini yule wa mbele hatazami nyuma? Kwa sababu anamwamini anayekuja. Anafungua kiganja, basi. Chapu, mwenzako alikufungulia kiganja na wewe ukakimbia na kijiti upande mwingine. Ungekuja kwangu ukasema, 'Mwalimu, mimi najua kuchagua wimbo,' ningekutafutia kazi. Sasa umepata sifa ya siku tatu, na ilikuwa inakuogopesha muda wote. Je, uliifurahia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na wewe, Mdundo. Kazi yako ilikuwa nzuri, na nimeona umerudia mara nyingi mpaka ikawa hivyo. Lakini nimekupa kamera hii kwa sababu ya mistari ile miwili. Anayesema kweli juu ya mtu aliyemuumiza, atasema kweli juu ya timu yangu ikishinda na ikishindwa. Kuaminiana ni kama mazoezi. Kijiti kikianguka mnaanza tena, tena mnaanza kwa kutembea, siyo kwa kukimbia. Nani atakubebea stendi ya kamera?"

Mdundo aliitazama sakafu. "Bado sijui, Mwalimu."

"Vizuri. Usijue kwanza."

Jioni timu ilikuwa uwanjani. Mdundo alichuchumaa kando ya mstari, jicho kwenye kamera, akimngoja Twiga afungue kiganja. Upepo uliisukuma stendi ikayumba. Kabla haijaanguka, mikono miwili iliishika kutoka nyuma, ikaituliza. Alizijua kucha zile, zilizotafunwa kwa haraka.

Hakugeuka. Hakusema asante, wala hakusema ondoka.

"Ishike imara," alisema baada ya muda. "Na usikanyage waya."

"Sikanyagi," alijibu Chapu, polepole.

Flashi yenye uzi mwekundu ilikuwa mfukoni mwa Mdundo, imefungiwa kwa pini ya mama yake, na humo ndimo itakamokaa kwa muda mrefu. Mbele yao mkimbiaji wa tatu alikuja mbio na kupaza sauti, na Twiga akapeleka mkono nyuma bila kutazama. Mdundo aliacha kupumua, na nyuma yake alisikia mtu mwingine ameacha kupumua pia. Kijiti kilipotua kiganjani, vidole vya Mdundo vilianza kugonga mgongo wa kamera.